Mzee mkono unatetemeka mchana, usiku anaweweseka na kurusha ngumi. Ushauri wakuu

Mwana wa Nansio:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Baba yangu yuko Ukerewe, ni fundi wa nyavu, umri miaka 66. Mkono wa kulia unamtetemeka tangu mwaka juzi. Akishika sindano ya kushonea unatulia, akikaa barazani kaulaza pajani ndipo unacheza. Hilo tumeshalizoea. Kinachotutisha ni usiku: anapiga kelele na kurusha mateke, juzi kampiga mama ngumi ya jicho. Akiamshwa anasema alikuwa anafukuza wezi wa nyavu. Mama anadai kuweweseka kulianza zamani, kabla hata ya mkono. Mashangazi wanasema kachezewa, wanataka apelekwe kwa mtaalamu Sengerema. Mimi niko Igoma. Nimlete mjini au ni uzee tu? Na haya mawili yanahusiana?

Dagaa Mkavu:
Mama ahame kitanda kwanza mkuu, mengine baadaye 😂 Poleni lakini.

Jiwe la Bismarck:
Kuna mambo hospitali hawayaoni. Sikilizeni wazee.

Nesi Pasiansi:
Mdogo wangu, yanahusiana, na mama kashakupa nusu ya jibu aliposema usiku ulitangulia. Kwa kawaida mtu akiota, shina la ubongo huizuia misuli isifuate ndoto. Unaota unakimbia, miguu iko palepale. Kizuizi hicho kikiharibika, mtu anapigana kweli kitandani. Wengi wa watu wa namna hiyo, baada ya miaka, wengine zaidi ya 10, hupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kuwa mzito, au magonjwa ya ukoo wake. Kuna protini, alfa-sinukleini, inayorundikana ndani ya seli. Mara nyingi huanzia sehemu za chini za ubongo ndipo ipande kwenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Mkono unapoanza kucheza, seli nyingi za dopamini zimeshakufa.

Sisemi ndicho anachoumwa, daktari aamue kwa kumpima na kumtazama akitembea. Ila muulizeni kama harufu anazisikia, choo anapata vizuri, na mwandiko haujawa mdogo.

Cherehani Kirumba:
Wasichanganye lakini. Mimi natetemeka tangu ujana, marehemu baba naye hivyohivyo. Nikikaa mikono imetulia, nikiinua kikombe chai yote inaishia kwenye sahani. Niliambiwa ni mtetemeko wa kurithi, wenyewe unahusiana zaidi na serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni. Nikapewa propranolol. Mikono ilipoa, ila nikaanza ndoto za ajabu na usingizi wa mang'amung'amu hadi dozi ilipopunguzwa. Wenye pumu msiiguse bila daktari.

Duka la Dawa Buzuruga:
Msimnunulie piritoni ili alale, wazee inawavuruga akili. Na mwendeni na dawa zake zote kwenye mfuko. Metoclopramide ya kichefuchefu na haloperidol ya magonjwa ya akili zinaweza kuleta mtetemeko unaofanana kabisa na Parkinson. Baadhi ya dawa za sonona nazo huamsha hizo fujo za usiku.

Mwana wa Nansio:
Nimempigia mama. Anasema dagaa wanaungua jikoni mzee kakaa palepale hana habari, wao walidhani mafua! Dawa hatumii yoyote. Sasa nianzie wapi?

Nesi Pasiansi:
Anzieni hospitali ya wilaya, muombe rufaa ya Bugando kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mama aende pia, maana mzee mwenyewe usiku wake haujui. Kama ni Parkinson, levodopa, dawa inayogeuka dopamini kwenye ubongo, haiponyi, lakini mwili unakuwa mwepesi. Akishaanza asiikatishe ghafla. Kwa sasa godoro liwe chini, panga na stuli vitoke chumbani, mama alale kwingine. Usiku wenyewe nao una dawa zake, melatonini mojawapo, ila ni za kuandikiwa. Mashangazi waacheni wamwombee, dua haigombani na vidonge. Na mrekodini video akiwa kwenye fujo hizo, daktari ataipenda.

Mwana wa Nansio:
Asante dada, wiki ijayo tunavuka naye. Video si mpaka tuwashe taa? Ataamka.

Nesi Pasiansi:
Acheni taa ya ukumbini na mlango wazi, inatosha. Hata giza likizidi, sauti itasikika. Na akiwa anapigana msimshike, mwiteni jina mkiwa mbali.