Mjadala: Vyuo vikubwa vyatupa masomo bure, vyafaidi nini?

Mtu wa Likoni: Juzi barazani Majengo, kahawa tungu mkononi, kijana wetu anayetoa makontena bandarini alituonyesha simu yake. Anasoma somo la ugavi, yaani mambo ya kusafirisha na kusambaza bidhaa, la MIT, chuo kikuu cha Marekani, hajalipa hata ndururu. Mzee mmoja akaguna: "Bure hiyo ina mwenyewe." Nami nasema hivyo hivyo. Mwaka 2001 MIT walipotangaza kuweka mafunzo yao kwenye intaneti, sawa, ile ilikuwa sadaka. Mwaka 2012 wakaungana na chuo kikuu cha Harvard wakafungua edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na mwaka 2021 wakaiuza kwa 2U, kampuni ya biashara ya elimu mtandaoni, dola milioni 800. Sadaka yauzwa?

Bint Kisauni: Kaka, malizia hesabu. Pesa zile zilikwenda kwa shirika lisilo la faida, la kuendeleza elimu. Mimi ubishi wangu uko kwingine. Nilichukua somo la takwimu la chuo fulani. Video bure, lakini mazoezi ya kusahihishwa yana kufuli, na cheti ni cha kulipia. Wiki ya tano nikaamka alfajiri nimalizie kabla ya kwenda kazini, nikakuta muda wangu wa bure umekwisha, ukurasa mzima wanidai kadi ya benki. Duka lile, na video ndizo za kuonjesha. Tena huonjesha ili wachague: wanaofaulu mfululizo wote wa masomo ya ugavi ya MIT, wakalipia vyeti, huweza kuomba shahada ya uzamili hapo hapo MIT, nusu ya masomo wakiwa wameshayamaliza. Chuo chapata vichwa vilivyokwisha kupimwa, tena kwa gharama zao wenyewe.

Mwalimu mstaafu, Changamwe: Binti yangu, hata sokoni Kongowea embe la kuonja laliwa, na njaa yapungua. Ubaya uko wapi? Mimi kinachoniuma ni vyuo vyetu vya Pwani. Bandari ya Kilindini iko hapa, lakini ugavi twafundishwa kutoka Marekani, kwa Kiingereza, na bando twanunua wenyewe.

Mtu wa Likoni: Shikamoo mwalimu, hapo sina jibu. Ila yule kijana aliomba kupandishwa cheo, mkubwa wake akamuuliza cheti kiko wapi. Alichokuwa nacho ni daftari la kurasa 96, limejaa mpaka jalada la nyuma.