Kimashua cha Mtera: nifunge tanga la foromali au la waya?

Seremala wa Kizota
Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi samani hapa Dodoma. Nimeunda kimashua cha mita 4 cha kwenda nacho bwawa la Mtera, na kasia zimenimaliza mabega. Nataka tanga, nimekwama kwenye kamba. Naona kuna aina mbili: ya ngalawa za pwani, mlingoti mfupi na boriti ndefu imekaa mshazari, na ya boti za Kizungu, mlingoti mrefu, waya huku na huku, tanga mbili. Ipi inamfaa asiyejua kitu?

Ugogoni Halisi
Mgogo na tanga wapi na wapi? Ng'ombe wameisha? 😂

Bin Pangani
Mwache mtani wangu. Fundi, hiyo boriti inaitwa foromali. Inapandishwa kwa henza, kamba inayopita kwenye kapi juu ya mlingoti. Kona ya nyuma ya tanga ina kamba nyingine, demani, na hiyo hutaiachia kutwa. Ukivuta, tanga linakaza. Ukilegeza, linamwaga upepo. Mbele ya mlingoti hapafungwi kitu, maana foromali hupita hapo ukigeuza. Henza ukiifunga nyuma kidogo, upande wa joshi upepo unakotoka, inashikilia mlingoti wenyewe. Kamba chache, mwanzi, turubai, umeondoka.

Tabu ni kugeuza. Unaupa upepo mgongo, unalegeza demani, unaizungusha foromali mbele ya mlingoti na demani inaifuata. Watu wawili mnaiweza. Peke yako, kwenye vile visiki vya Mtera, utaniambia.

Mama Hombolo
Na hiyo ya waya inageukaje?

Mkerewe Mjini
Dada, hiyo unasukuma usukani tu. Pua inakatiza upepo, tanga linahamia upande wa pili lenyewe, la mbele unalivuta kwa kamba yake. Ndiyo maana inapiga bisho, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, vizuri kuliko foromali.

Waya zisikutishe, fundi. Tazama nguzo ya antena juu ya bati: waya tatu, haianguki. Boti ndogo ni hivyohivyo. Mmoja unakwenda puani, mmoja kila ubavu, na hizo za ubavuni zifungwe nyuma ya mlingoti kidogo ili zivute nyuma pia. Usizifunge karibu na shina la mlingoti. Pembe ikiwa nyembamba mno, waya unabeba mzigo mara nyingi zaidi na mbao inang'oka.

Seremala wa Kizota
Asanteni. Nina waya za klachi za bodaboda, zinafaa?

Mkerewe Mjini
Zikishika kutu utajua. Tafuta waya wa chuma cha pua, au kamba ya poliesta. Nailoni hapana, inavutika, mlingoti utacheza ngoma.

Bin Pangani
Na katani ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea. Utakuwa unafungua na kufunga siku nzima.

Mama Hombolo
Mbona hamjasema habari ya upepo? Huku mwezi wa nane unakuja kwa vishindo, ghafla. Mwaka juzi nilikuwa ndani ya mtumbwi wa tanga palepale Mtera, kijana amefunga demani fundo kwenye ubao ili avute sigara. Kishindo kimoja tu, tuko majini. Na mle mna mamba. Tuliokolewa na wavuvi, nikarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Bin Pangani
Pole sana dada. Demani haifungwi fundo, hata nahodha awe nani. Basi kwa upepo huo, fundi, mimi naachana na foromali na ya waya pia. Kuna ya tatu: tanga la pembe nne, mlingoti mfupi usio na waya, na fito inayotoka chini ya mlingoti kwenda kuisukuma kona ya juu ya nyuma. Upepo ukizidi unachomoa fito, tanga linajikunja nusu. Boti za watoto za Optimist, zilizochorwa Marekani mwaka 1947, zinatumia hiyo mpaka leo.

Seremala wa Kizota
Hiyo nimeielewa! Mlingoti nina mbao ya mita 3. Fito iwe ndefu kiasi gani?

Bin Pangani
Ishone tanga kwanza, kisha pima kwa kamba. Na ikate ndefu, kupunguza unajua mwenyewe.

Ugogoni Halisi
Mkianza safari niiteni. Nitakaa ukingoni na ng'ombe wangu.