Naomba ushauri: rimu na spoki za Yamaha DT 125 ya zamani

Jambo wandugu wa Goma na Bukavu. Baba aliniachia pikipiki ya Yamaha DT 125, na sitaki kuiuza. Injini iko nzima. Shida ni magurudumu: rimu ya mbele imeliwa na kutu kwenye mashimo ya spoki, ukiigonga na bisibisi inabomoka vipandevipande. Spoki nne zimekatika palepale kwenye kona, karibu na habu (kitovu cha gurudumu). Mawe haya ya lava hayana huruma.

Nimezunguka mtaa wa Birere, Goma, siku mbili. Kila duka linanipa rimu ya inchi 17 ya pikipiki za Boxer, lakini yangu ni 21 mbele na 18 nyuma, mashimo 36. Fundi mmoja alitaka kulehemu ile ya zamani. Nilikataa, maana ikipasuka kwenye mteremko ni maisha yangu.

Nani anajua duka la kuaminika Gisenyi, Kigali au Kampala? Na kuna fundi wa kukata spoki kwa kipimo na kuzichonga rezi (nyuzi za kufungia nati)? Spoki za ndani na za nje hazipindwi sawa, kwa hiyo nimehifadhi mbili za mfano. Rimu ya chuma au ya aluminiamu, ipi itavumilia barabara zetu? Asanteni sana.