Tupeane uzoefu: maoni gani humsaidia kweli anayejifunza kupiga picha za ndege na wanyama?

Mdiria wa Bwawani (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Mtu akileta picha ya yangeyange (ndege mweupe) au twiga, majibu huwa mawili: "kali sana" au "hapo hamna kitu". Hakuna hata moja linalomwambia afanye nini Jumamosi akirudi bwawani. Naomba tukusanye hapa yanayosaidia: unaangalia nini kwanza, unasemaje, na anayeomba maoni alete nini. Hadithi za safari tuziwekee uzi wake, hapa tuweke ufundi.

LenziKuukuu
Nianze na lawama inayotajwa kuliko zote: "picha haijakaa sawa, ina ukungu". Ukungu una sababu nne, na kila moja ina dawa yake. Kabla hujaandika neno, ikuze picha mpaka asilimia 100. Angalia jicho la mnyama, kisha majani yaliyo mbele na nyuma yake.

Majani ya mbele yakiwa makali na jicho limefifia, ujue fokasi (pale kamera ilipolenga pawe pakali) ilidakwa na majani. Mwambie achague nukta moja ndogo ya fokasi, aiweke jichoni, na awashe fokasi endelevu, inayomfuata mnyama, kama anatembea.

Kila kitu kikiwa kimevutika upande mmoja, hata vimulimuli vya maji vimekuwa vistari, mkono ulitikisika. Kanuni ya kuanzia ya spidi ni moja gawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 400 ishikwe mkononi kwa 1/400 ya sekunde au kwa kasi zaidi, na kamera ikiwa ya sensa (kipande kinachodaka mwanga) ndogo ya aina ya APS-C zidisha kwa 1.5, yaani kama 1/600. Ndani ya gari, mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharage juu ya dirisha hufanya kazi kubwa, mradi injini imezimwa.

Tawi likiwa limetulia ila bawa limefutika, mwendo ni wa ndege mwenyewe. Hapo kituliza mtikisiko cha lenzi hakisaidii kitu. Anayeruka anataka 1/2000, na ndege chozi anayepepea mbele ya ua anataka hata 1/3200.

La nne husahaulika: hewa ya moto. Picha ni ya saa saba mchana, duma yuko mita 150, kingo zake kama zinachemka, na huoni sehemu yoyote kali mbele wala nyuma. Hewa inayopanda kutoka kwenye ardhi yenye joto inapinda mwanga kabla haujafika kwenye kamera. Lenzi ya bei kubwa haiponyi hilo. Dawa ni mnyama awe karibu, au kurudi asubuhi kabla ardhi haijapata moto. Mnisamehe nikilisisitiza hili, maana ni uonevu kumwambia mtu lenzi yake mbovu kumbe kosa ni la saa aliyopigia.

Chozi
Naongeza upande wa anayeomba. Leta mambo matatu: mipangilio (spidi, apacha yaani upana wa tundu la lenzi, ISO yaani wepesi wa kamera kudaka mwanga, na urefu wa lenzi), picha nzima kabla hujaikata, na swali moja mahususi. "Mnaionaje?" huzaa "kali sana". Uliza "kwa nini manyoya ya kifuani hayana mistari?" uone tofauti.

Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na maelezo ya kamera hupotea. Itume kama dokumenti. Na ukiikata, sema. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikikatwa ikabaki 1500 kwa 1000, umebakiwa na sehemu moja ya kumi na sita. Mshauri ataona chengachenga alaumu ISO, kumbe shida ni umbali.

Kuhusu mwanga: yangeyange kwenye tope jeusi huungua, kwa sababu kamera hupima tope na kuongeza mwanga. Usiandike "umeiunguza". Andika: "Mgongo umekuwa mweupe mtupu. Shusha eksposha (kiasi cha mwanga) kwa hatua 1, kisha hakikisha histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) haijabanana na ukuta wa kulia." Furukombe kileleni mwa mti na anga jeupe nyuma yake ni kinyume: pandisha 1 mpaka 1.7, la sivyo anakuwa kivuli.

Mwanahewa
Na wenye simu je? Mara nyingi huambiwa tu "nunua kamera".

LenziKuukuu
Hilo siyo jibu, dada. Kuvuta mara kumi kwenye simu nyingi ni kukata picha tu. Mshauri amwambie asivute kupita lenzi halisi za simu yake, mnyama awe mdogo ndani ya mandhari: tembo chini ya Kilimanjaro pale Amboseli hahitaji milimita 600. Afute kioo cha lenzi, aguse skrini juu ya mnyama, ashushe mwanga kidogo ili anga lisiungue.

KandoYaZiwa
Maoni yaguse pia namna picha ilivyopatikana. Ziwa Naivasha, baadhi ya waendesha boti humpigia furukombe mluzi na kumrushia samaki. Samaki aliyelala ubavu juu ya maji ni dalili. Uliza kwa upole, "Samaki alirushwa?", na kama ndiyo, maelezo ya picha yaseme hivyo. Mwaka 2018 makumbusho ya Natural History Museum ya London ilifuta ushindi wa picha iliyopigwa Brazili kwenye shindano lake la picha za wanyamapori, baada ya wataalamu kuona kuna uwezekano mkubwa kwamba mnyama mla-mchwa aliyemo alikuwa amekufa na kukaushwa.

Kiota kilichokatiwa matawi ili kionekane, msikisifie hata kama mwanga ni mzuri. Jua na wanyama wawindaji huwafikia makinda. Na picha ya faru iliyopigwa kwa simu, mwambieni mwenyewe, faraghani, aondoe taarifa za mahali kabla haijasambaa, majangili wasije wakamfuata faru.

Mdiria wa Bwawani
Basi tujaribu kwa vitendo. Mdiria wa madoa meusi na meupe, anapepea juu ya maji: milimita 300, 1/500, f/5.6, ISO 800. Sijaikata. Swali: kwa nini hatokezi mbele ya matete?

Chozi
Kichwa ni kikali na jicho lina nukta ya mwanga, usibadilishe ulivyolenga. Mabawa yamefutika: nenda 1/2000, ISO ipande mpaka 3200, apacha ibaki hapo hapo. Hatokezi kwa sababu umepiga ukiwa umesimama, kwa hiyo nyuma yake kuna maji na matete ya karibu. Shuka usawa wa maji, matete ya ng'ambo yatakuwa mbali na yatalainika. Ila kama bwawa hilo lina kiboko au mamba, usilale ukingoni, pigia ndani ya boti au kwenye gati. Ukipata nyingine, ilete pamoja na hii tuzilinganishe.