Kadi ya uraia tuitake, ila isiandikwe kabila

Kuna ndugu aliyedai kwamba kadi ya uraia, kwetu hapa Goma, itakuwa chombo cha kuwachuja watu kwa kabila, na kwamba kadi ya mpiga kura inatutosha. Hofu yake naielewa. Hitimisho lake silikubali.

Tangu uchaguzi wa 2006 kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho Kongo nzima: benki, kwa msajili wa laini za simu, barabarani mbele ya askari. Lakini kadi hiyo hutolewa kwa kufuata kalenda ya uchaguzi. Mwaka 2023 vita vilizuia uandikishaji katika sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru, maeneo jirani na Goma, na Desemba watu wa huko hawakupiga kura. Kijana aliyekimbilia kambi za Kanyaruchinya au Bulengo alikosa kura na akakosa pia karatasi ya kumtambulisha. Hata waliobahatika kuipata waliona maajabu, maana kadi nyingi za mwaka huo zilififia wino, herufi za jina zikitoweka moja moja na picha ikibaki kivuli, hadi wenye busara wakawa wanazipiga fotokopi mapema.

Nirudi kwenye hofu, maana ndiyo yenye uzito. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, utawala wa Kibelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 neno hilo moja lilitosha kumtoa mtu roho kwenye kizuizi cha barabarani. Anayesema kwamba kwa sababu hiyo tusiwe na kadi anasahau kuwa asiye na kadi hukisiwa kwa sura, kwa lafudhi na kwa jina la baba yake, na makisio hayo hayana rufaa. Rwanda yenyewe baadaye ilifuta kabila kwenye kadi, lakini kadi haikuiacha.

Wengi wakisikia kadi salama hufikiria plastiki ngumu na chipu. Mimi naangalia daftari lililo nyuma yake. Sensa yetu ya mwisho ilikuwa ya 1984, na watoto wengi hawaandikishwi wanapozaliwa. Kadi nzuri iliyojengwa juu ya ushahidi wa majirani wawili walionunuliwa ni uongo uliochapishwa vizuri. Usalama naouomba ni huu: usoni pawe na jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na namba tu, alama za vidole zitunzwe mbali na tume ya uchaguzi, kila afisa anayefungua faili la mtu aache jina lake humo, na mwenye faili awe na haki ya kulisoma.

Mradi uliozinduliwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2023, Rais Tshisekedi akikabidhiwa kadi ya kwanza, ulikwama mwaka uliofuata serikali ilipovunja mkataba na kampuni iliyopewa kazi. Kuhusu fedha zake tulisikia mengi. Kuhusu nini kiandikwe na nini kisiandikwe, karibu kimya.

Goma imo mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari 2025, na kadi itakayotolewa na upande mmoja huenda ikakataliwa na mwingine. Uandikishaji hapa basi unaweza kungoja. Sheria inayokataza kabila na asili ya ukoo kwenye kadi haina sababu ya kungoja, na wabunge wetu walioko Kinshasa wanaweza kuiwasilisha kikao kijacho.