Tupeane uzoefu: kazi za bandani katika hadithi za kambi ya farasi

Mzee wa Kigwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaowasomea watoto, wanaotafsiri au wanaotunga hadithi za watoto na poni, zile za kambi ya likizo ya kiangazi Uingereza. Zilishamiri miaka ya 1930 hadi 1950, baada ya Pony Club, chama cha watoto wapanda farasi, kuanzishwa mwaka 1929. Mtoto, poni mkaidi, wiki moja kambini, mashindano siku ya mwisho. Ila kisa chenyewe hakiendeshwi na mashindano, kinaendeshwa na kazi: mkanda haukukazwa, fundo limefungwa ovyo, mnyama kaachiwa nyasi usiku kucha. Asiyeijua kazi anaona mtoto kaanguka tu, hajui kwamba kurasa tatu nyuma mwalimu alikwisha kumwonya. Basi kila mmoja alete analolijua barabara. Za "siku moja nilipanda farasi" zina uzi wake.

Naanza. Poni si mtoto wa farasi. Ni farasi mzima wa kimo kifupi, kisichozidi viganja 14.2. Ukiandika "mwanafarasi" umeua hadithi, maana msomaji atauliza kwa nini kitoto cha farasi kinapandwa. Kiganja kimoja ni inchi 4, na kipimo huishia juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, si kichwani. Hiyo 14.2 ni viganja 14 na inchi 2, yaani kama sentimita 147. Si desimali! Baada ya 14.3 inakuja 15, kwa hiyo poni wa "14.5" hayupo duniani.

Saisi wa Mjini

Naongezea maneno ya vyombo, maana watu wanaandika "kamba za farasi" kwa kila kitu. Hatamu ni chombo kizima cha kichwani. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni. Kigwe ni ukanda anaoshika mpandaji. Tandiko wengine huita seruji, sawa tu. Kikuku ni pa kutia mguu.

Mwendo: farasi akienda kwa miguu inayopishana kimshazari, mapigo mawili, huo ni mwendo wa matiti. Ndiyo, najua, watoto watacheka. Telki ipo lakini imezoeleka kwa punda. Mimi ningeacha wacheke. Mapigo matatu ni shoti ndogo, manne ya kasi ni shoti kamili.

Dada Kwato

Mkanda wa tumbo, ule unaoshikilia tandiko, ndio unaoangusha watoto wengi katika hadithi hizi, na ni jambo la kweli. Poni akihisi mkanda unafungwa hukaza tumbo na kujaza pumzi. Mtoto anaona umebana, anaridhika. Dakika tano baadaye poni keshapumua, mkanda umelegea, na mtoto akitia mguu kwenye kikuku cha kushoto uzito wote unakwenda upande mmoja. Tandiko linazunguka hadi chini ya tumbo.

Utaratibu ni huu. Weka tandiko mbele kidogo ya mahali pake, kisha lisukume nyuma ili manyoya yalale yalivyoota. Funga mkanda kwa kulegeza. Mtembeze hatua kadhaa. Kaza tundu moja, subiri, kaza tena. Halafu inua mguu wa mbele mmoja mmoja, uvute mbele, ngozi iliyokunjika chini ya mkanda ijinyooshe. Ukiruka hatua hiyo, kidonda kinaanza nyuma ya kiwiko na kambi imekwisha kwa poni huyo. Mara ya mwisho unakaza ukiwa juu: mguu mbele, inua ubawa wa tandiko, vuta.

Poni wa mviringo kama pipa ana tatizo jingine: mabega hayajitokezi, tandiko linateleza hadi shingoni akishuka kilima. Ndiyo sababu hufungwa mkanda mwembamba unaotoka nyuma ya tandiko na kuzunguka chini ya mkia. Mfasiri akikutana nao asidhani ni pambo.

Mchapa Fundo

Fundo la kufungia farasi lazima lifunguke kwa kuvuta ncha moja, hata kama mnyama anavuta kwa nguvu zake zote. Unapitisha kamba, unakunja kitanzi, unapenyeza kitanzi cha pili ndani ya cha kwanza, unakaza. Ifungwe kwenye kimo cha mabega yake. Kamba ndefu mno, atapitisha mguu juu yake na kuvunjika.

Na hafungwi moja kwa moja kwenye pete ya chuma. Kwenye pete kunatangulizwa kitanzi cha kamba nyembamba ya kufungia majani makavu, ili farasi akishtuka kikatike kitanzi, si shingo. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya katani, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa katani duniani, kwa hiyo si ajabu banda la Devon, Uingereza, likawa na jasho la Tanga ndani yake. Siku hizi kamba ni ya plastiki na haikatiki. Inabidi uichane nyuzi mpaka ibaki nyembamba.

Bi Sabuni

Kila jioni kambini wanasafisha hatamu, na waandishi wanapenda kuweka mazungumzo muhimu hapo kwa sababu mikono iko kazini. Maji vuguvugu, sponji iliyokamuliwa. Sabuni ya ngozi kidogo: ikitoa povu, maji yamezidi. Lijamu huoshwa kwa maji tu, sabuni haifai mdomoni. Usikaushie karibu na moto, ngozi inakakamaa na kupasuka.

Kabla ya kuifungua, hesabu kila bizimu, kile kifungo cha chuma cha mkanda, iko tundu la ngapi. Mtoto asiyehesabu ndiye anayesimama kwenye ukaguzi wa asubuhi na lijamu inayoning'inia chini ya meno. Vipimo vya mkaguzi: vidole viwili chini ya mkanda wa pua, upana wa vidole vinne chini ya ule wa koo.

Dada Kwato

Nimesahau nyasi, na hapa waandishi wa kisasa wanakosea. Poni wa Dartmoor au Exmoor, huko Uingereza, wametokana na nyika zenye nyasi duni. Mpeleke kwenye malisho mabichi ya kiangazi, sukari ya nyasi inamwangusha. Tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato zinavimba, na ikiwa mbaya mfupa unageuka. Dalili ya kuandika: anasimama ameegemea nyuma, uzito kwenye visigino, hataki kugeuka, ukwato una moto, mshipa unapiga kwa nguvu nyuma ya kifundo.

Ushauri wa zamani wa kumtembeza ili "damu izunguke" umeachwa. Mtoe kwenye nyasi, mlaze penye matandazo laini mengi, mwite daktari wa mifugo. Wala usimshindishe na njaa: poni mnene akinyimwa chakula mafuta hufurika kwenye damu, na hilo laweza kumuua. Majani makavu yaliyolowekwa ili sukari itoke, kama asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku yakipimwa makavu. Kwa poni wa kilo 200 ni kilo 3.

Mchapa Fundo

Na wale wanaoandika kwamba poni alipona usiku mmoja kwa sababu mtoto alilia shingoni mwake?

Dada Kwato

Wafutwe.

Mwana wa Upanga

Gymkhana. Kwa mtu wa Dar neno hilo ni klabu yenye gofu na kriketi. Lilitoka India likaingia Kiingereza, na kwenye hadithi hizi lina maana ya michezo ya poni uwanjani. Ukiliacha bila kidokezo, msomaji wa Kinondoni ataona watoto wanapeleka farasi kwenye viwanja vya gofu.

Kingine: poni mbaya wa sura anayeshinda mwishoni si huruma ya mwandishi. Mchezo wa viazi ni kuchukua kiazi kimojakimoja, kukimbia na kukitia ndooni bila kushuka. Ukikosa ndoo, unashuka, unaokota, unapanda tena. Poni mwenye kasi anapita ndoo kwa mita tatu kila safari. Mpole anayesimama kama gogo ndiye anayeokoa muda. Vilevile mbio za kupinda kati ya milingoti: ukiruka mmoja lazima urudi, kwa hiyo anayegeuka karibu anampiku anayekimbia.

Saisi wa Mjini

Bei jamani. Hadithi za kabla ya Februari 1971 zinatumia pauni ya shilingi 20, na shilingi ya peni 12. Mara nyingi poni anauzwa kwa gini (kwa Kiingereza guinea), nayo ni shilingi 21. Gini 20 ni shilingi 420, yaani pauni 21. Mtoto aliyehifadhi pauni 20 kamili anakwenda mnadani na kukosa poni kwa pauni moja, na kisa kizima kimesimama hapo. Kuna tafsiri nimeiona ikisema alinunuliwa "kutoka Guinea".

Mzee wa Kigwe

Conakry au Bissau?