Kocha mkaidi apigwe kalamu? Mimi nasema tuangalie Milwaukee kwanza

Wadau, hoja iko hivi: kocha akishikilia mbinu moja kama kupe mpaka timu inaumia nayo, hiyo peke yake inatosha kumpiga kalamu? Naona wengi wenu mmeshaamua inatosha, na mfano mnaonitupia kila saa ni kocha Mike Budenholzer na Milwaukee Bucks, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Sasa mimi nauchukua huohuo mfano, manake naamini kumfuta yule jamaa lilikuwa kosa, na ndo kosa tunataka kurudia hapa Nairobi kwenye timu moja ya mtaa.

Kwa wale hamkufuatilia. Budenholzer, au Bud, alifika Milwaukee 2018 akakuta timu iliyotoka kushinda mechi 44, msimu wake wa kwanza ikashinda 60. Difensi yake ilikuwa dropu, yaani mwenye mpira akiwekewa skrini (mwenzake anasimama kumzibia njia beki anayemkaba), senta Brook Lopez hatoki nje kumkabili, anarudi chini analinda rimu, na yule beki aliyegongwa na skrini anapambana kumfikia mtu wake kutoka nyuma. Ukitaka kutupa ukiwa mbali tupa, lakini ndani huingii. Msimu wa kawaida hiyo kitu ilikuwa inamaliza watu. Pleiofu, ile michuano ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, ndo kelele zilianza, manake pale unakutana na timu moja hadi mechi saba na wanakuzoea. 2019 waliongoza Toronto 2-0 halafu wakapigwa nne mfululizo. 2020 Miami wakawatoa 4-1. Hayo maneno ya "huyu mzee habadiliki" yalianzia hapo, na sikatai, yalikuwa na msingi.

Halafu ikaja 2021. Fainali ya Mashariki, yaani nusu fainali ya ligi, mechi ya kwanza, Trae Young wa Atlanta akaiparura hiyo dropu pointi 48 palepale Milwaukee, na kulipokucha kila mtu ana dawa yake, mara Lopez akae benchi, mara wabadilishane watu kwa kila skrini. Bud hakuitupa dropu, aliikaza tu, na mechi ya pili wakashinda kwa tofauti ya pointi 34. Wakamaliza Atlanta, wakamaliza Phoenix 4-2, nyota wao Giannis Antetokounmpo akatia pointi 50 mechi ya mwisho, na Bucks wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1971. Julai hiyo sikusikia mtu hata mmoja akilalamikia dropu.

Haya, twende 2023, manake najua mnaingoja. Bucks wamemaliza na ushindi 58, rekodi bora ligi nzima, wanakutana na Miami wa nafasi ya nane. Giannis anaumia mgongo mechi ya kwanza, anakosa mbili. Mechi ya nne Jimmy Butler wa Miami anatia 56. Mechi ya tano, huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 27 Aprili, Bucks wanaingia robo ya mwisho wakiongoza kwa 16 na bado wanakamatwa. Kuna mpira Gabe Vincent wa Miami alirusha kuuingiza kutoka nje ya uwanja, Butler akaudaka akiwa hewani na kuumalizia huku anaanguka, saa imebaki nusu sekunde, mechi sare. Bud ana taimauti, ile nafasi ya kusimamisha mchezo apange mambo, haiti. Wanaenda muda wa nyongeza, Miami wako mbele kwa mbili, Grayson Allen wa Bucks anapewa mpira anaingia nao kati ya watu na kengele inalia kabla hajautupa. Bado taimauti iko. 128-126, kwaheri, na tarehe 4 Mei kocha akafutwa.

Hapo kwa taimauti simtetei, ni kosa, na kumwacha beki wake Jrue Holiday ahangaike na Butler mfululizo wote vile Butler alikuwa anawaka ni kosa lingine. Lakini mechi hiyohiyo Giannis alitupa fri-thro (mitupo ya bure baada ya faulo) 23 akatia 10, na hakuna kocha duniani anaweza kukutilia hizo 13. Tena ilikuja kujulikana kwamba kabla ya mechi ya nne ndugu yake Bud alikuwa amefariki kwa ajali ya gari. Mnaokumbuka taimauti naomba mkumbuke na hilo.

Sasa tazameni walichofanya wenye timu. Kosa lilikuwa la dakika za mwisho na la nani amkabe nani, wao wakang'oa kocha na mfumo wake wote. Akaja Adrian Griffin, akataka difensi ya kukimbilia watu, Lopez atoke juu huko nje, yaani mtu aliyemaliza wa pili kwenye tuzo ya mlinzi bora 2023 anatolewa mahali anapojulia kazi. Msimu haujaenda mbali wachezaji wenyewe wakamwendea kocha wakaomba Lopez arudishwe chini. Mbinu mliyosema inaua timu iliombwa na waliokuwa wanaicheza! Griffin akafutwa Januari 2024 akiwa na ushindi 30 na kushindwa 13, akaja Doc Rivers, wakatolewa raundi ya kwanza na Indiana, na 2025 tena raundi ya kwanza, tena Indiana. Ni kweli pia walimpoteza Holiday kwenye ile biashara ya kubadilishana wachezaji kumleta mfungaji Damian Lillard na difensi ikashuka juu ya hiyo, siwezi kuficha. Lakini haraka ile ya kugeuza kila kitu ilianza Mei 2023.

Mtaniambia Toronto. Sawa, Toronto walimfuta Dwane Casey 2018 baada ya ushindi 59, LeBron James na Cleveland walikuwa wamewafagia 4-0, na mwaka uliofuata wakabeba kombe na Nick Nurse. Lakini Nurse alikuwa msaidizi wa Casey hapohapo, anajua kila mchezaji, na kiangazi hichohicho wakamleta nyota Kawhi Leonard. Walijua anayeingia ni nani na atabadilisha nini. Linganisha na New York Juni 2025, walimfuta kocha Tom Thibodeau siku chache baada ya kuwafikisha fainali ya Mashariki mara ya kwanza tangu 2000, lawama kubwa ikiwa anawachosha wachezaji wanaoanza mechi, halafu ndo wanaanza kubisha milango ya timu zingine kuomba makocha wenye kazi zao na wanakataliwa. Kwangu mimi tofauti ni hiyo tu.

Na kinachoniuma ni kwamba kuna timu moja ya mtaa huku kwetu naifuata sana, jina nitaliacha, na viongozi wanataka kumtoa kocha juu ya zoni yake ya 2-3, yaani kila mchezaji analinda eneo lake, wawili mbele na watatu chini ya rimu. Kona inabaki wazi, ni kweli, mechi ya juzi nilikuwa nimekaa upande wa hiyo kona, kijana wa timu pinzani akatia mtupo wa pointi tatu, akarudi akasimama palepale viatu karibu vinagusa laini, akatia tena, na kocha amesimama mikono nyuma hasemi neno. Hata mimi nilisimama nikapiga kelele. Lakini nusu ya wale vijana wanatoka kazini moja kwa moja, mazoezi ni jioni mbili kwa wiki, na kukaba mtu kwa mtu dakika 40 kunataka miguu ambayo hawana. Zoni ndo inawafikisha robo ya nne wakiwa bado wanapumua. Ile kona inafundishika, beki wa chini aanze kutoka mapema mpira ukiwa bado juu, ni kazi ya mazoezi sio ya barua ya kufuta mtu.

Kwa hivyo viongozi kabla hamjakaa kikao, nawauliza mambo mawili: anayekuja anaitwa nani, na jioni yake ya kwanza mazoezini atafundisha kitu gani ambacho huyu amekataa? Ukiwa na jibu la yote mawili lete, nitahamia upande wako leo leo. Kama hamna, mtafutieni msaidizi mwenye ujasiri wa kumbishia palepale benchi, mumwache amalize msimu.